Zoom H1n: kwa maneno inajitahidi, kwa kwaya inalipa

Sisi tunaopiga video hapa Mbeya tunajuana, na karibu wote tumepita mlango mmoja: harusi, sendofu, kipaimara. Huko sauti haimnyimi mtu usingizi. Unachomeka waya kwenye mikisa ya DJ, MC anapayuka atakavyo, kazi imeisha. Ukihamia kwenye filamu fupi ndipo unajua kwamba maiki ya kamera imewekwa pale kwa heshima tu. Simamisha waigizaji wawili Mafiati, kamera ikae hatua nne kutoka walipo: utasikia bajaji, utasikia konda anaita abiria wa Uyole, utasikia lori la Tunduma likibadili gia. Wale wawili utaona midomo inacheza.

Ndiyo maana nikanunua Zoom H1n, mashine ndogo ya kunasa sauti, na nimekaa nayo muda wa kutosha kuisema. Mwenye haraka achukue hili aende zake: ukiinunua kwa ajili ya mazungumzo ya waigizaji peke yake, umepata kifaa cha kujitahidi. Ukiinunua na kwa ajili ya muziki wa filamu yako, umepata mali. Na huku kwetu, ambako kila kanisa lina kwaya na kwaya nyingi zina mtunzi wao wenyewe, hilo la pili ndilo lenye faida.

Kifaa chenyewe ni kidogo, kinaingia mfuko wa shati. Kilitoka mwaka 2018 kikiuzwa kama dola 120 Marekani. Hapa Mbeya bei inategemea nani kakileta Kariakoo na nani kakipandisha kwenye basi, kwa hiyo ulizia kwa zaidi ya mtu mmoja. Juu kuna maiki mbili zilizopishana kwa nyuzi 90, zimezungushiwa kizimba cha plastiki. Mbele kuna kitufe kikubwa cha kuzungusha, namba 0 hadi 10, cha kuongeza na kupunguza sauti inayoingia. Hicho kitufe ndicho kilichonifanya nikipende kifaa: unazungusha huku unaangalia kioo, hakuna kuzama kwenye menyu wakati mwigizaji amesimama mbele yako na machozi yameshaanza kukauka. Betri ni mbili, zile nyembamba za rimoti. Kadi ni microSD, mwisho wake GB 32.

Kwenye aina ya faili weka WAV, biti 24, kilohezi 48, halafu usiguse tena. Saa moja ya stirio kwa mpangilio huo inakula takriban GB 1, kwa hiyo kadi haikusumbui. Mwigizaji akipaza sauti kabisa, mita ya sauti kwenye kioo iguse desibeli −12 basi. Ikigonga sufuri sauti imepasuka, na hakuna fundi wa kuirudisha ilivyokuwa.

Kwenye mazungumzo, shida ya maiki zile ni upana. Zinasikia kushoto, kulia na katikati, yaani zinasikia pia jirani anayepasua kuni. Dawa ni kusogea. Ikae nusu mita kutoka mdomoni, nje kidogo ya picha, nawe utashangaa. Nyuma ina tundu la skrubu ileile ya stendi ya kamera, kwa hiyo mti wa fagio na skrubu ya fundi vinakupa bumu, ule mti mrefu wa kuning'iniza maiki karibu na mwigizaji. Usiishike mkononi. Mwili wake wa plastiki unapeleka kila mguso wa kidole kwenye maiki, na filamu yako itasikika kama nyumba yenye panya darini. Na maneno ya kunong'ona yaache, au yasogelee zaidi, maana ukipandisha sana kile kitufe unapandisha na mvumo wa mashine yenyewe.

Njia ninayoitumia zaidi ni nyingine. Ubavuni kuna tundu la waya la milimita 3.5. Ukichomeka maiki ndogo ya kubana kwenye kola, zile za juu zinazima na hii inachukua kazi. Basi kifaa chote kinaingia mfukoni mwa mwigizaji, swichi ya kufunga vitufe imewekwa, waya umepita ndani ya nguo na kubandikwa kwa plasta ya hospitali usisuguane na kitambaa. Hapo Mbeya inatubeba: Juni na Julai hakuna anayetoka bila koti au sweta, na kitenge cha mabegani kinaficha kila kitu. Wenzetu wa Dar wanahangaika na fulana.

Angalia plagi kabla ya kulipa. Maiki za simu zina mistari mitatu myeusi kwenye plagi, kifaa hiki kinataka yenye miwili. Ukiipata ya mitatu, nunua na kiunganishi chake hapohapo. Wauza vifaa vya simu Mwanjelwa wanavyo, ila hawatakuambia kwamba unakihitaji.

Kwenye kuunganisha na picha, acha kamera nayo irekodi sauti yake mbovu, mwigizaji apige kofi moja mwanzoni, na programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, hata ile ya bure, itazipanga sauti mbili hizo kwa kulinganisha mawimbi. Kabla hamjahama eneo, nyamazisha watu wote na urekodi nusu dakika ya ukimya wa pale pale. Wasaidizi wangu wanalichukia zoezi hili. Kwenye kuhariri ndilo linaloziba matundu ya katikati ya maneno.

Upepo ni habari nyingine. Ukipanda Kitulo au ukingo wa ziwa Ngozi, sponji peke yake haitoshi, tafuta kofia ya manyoya. Kuna na kichujio cha kukata ngurumo za chini, kinasaidia kwa malori, kwa upepo kinasaidia nusu. Mvua kwenye bati haina kifaa. Kuanzia Novemba panga mandhari za ndani asubuhi, au andika mvua kwenye hadithi.

Sasa muziki, maana hapa ndipo filamu nyingi za huku zinapofia. Mtu anamaliza filamu nzuri, anaipachika wimbo wa Bongo Fleva anaoupenda, ukimuuliza anakwambia sekunde kumi hazina shida. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, haina idadi ya sekunde za bure. Wimbo mmoja una wenyewe wawili: mtunzi, na mwenye rekodi. Unahitaji ruhusa ya wote, na mara nyingi hawakai nyumba moja. Ukipandisha YouTube, mtambo wao wa Content ID unaufananisha wimbo na kumbukumbu zake, na mwenye wimbo anaweza kuchukua hela ya matangazo au kuifungia video kabisa. Tamasha la filamu au kituo cha televisheni kikikuomba karatasi za muziki, huna cha kuonyesha.

Wengine wanakimbilia muziki wa bure wa mtandaoni wenye leseni za Creative Commons. Upo mzuri, lakini soma herufi. BY maana yake taja jina la mwenyewe, na hiyo ni rahisi. NC haitaki biashara, kwa hiyo filamu ya kuuza imetoka. ND haitaki kazi itokanayo na ile, na kuweka muziki chini ya picha kunahesabiwa hivyo, kwa hiyo hata ugawe filamu bure hairuhusiwi. SA inakutaka filamu nzima uitoe kwa leseni ileile. Watu wakiona neno bure wanaacha kusoma.

Mimi nilikwenda Tukuyu. Filamu yangu inahusu mama anayeuza viazi Uyole, na nilitaka sauti za watu, si biti ya kompyuta. Kwaya ninayoifahamu ina mwalimu anayetunga mwenyewe. Kanisa lina bati juu na saruji chini, kwa hiyo mwangwi ni mwingi. Nikaifunga H1n kwenye stendi, nikaipandisha juu kidogo ya kichwa cha mwalimu na kuisogeza mbele hadi kama mita mbili kutoka mstari wa sauti ya kwanza, besi wakiwa nyuma yao. Ukiwa mbali zaidi ya hapo unarekodi jengo. Kayamba lilikuwa linachoma masikio kuliko waimbaji wote, tukalirudisha mlangoni. Kinanda tukakizima kabisa. Kitufe kilikaa kwenye 4, ile huduma ya kujirekebisha yenyewe nikaizima, maana inapandisha sauti kwaya inapovuta pumzi na kuishusha wakiingia kwa nguvu, na wimbo unapoteza mwili wake.

Hapo ule upana niliokuwa naulalamikia unageuka neema. Ukivaa hedifoni unamjua nani yuko kushoto na nani kulia, unasikia alto wakiwajibu wenzao kutoka upande wao. Niliwaomba waimbe wimbo uleule kwa namna tatu: kwa maneno, kwa kufumba midomo, na mara ya mwisho ngoma na kayamba tu. Ule wa kufumba midomo ndio ninaoutumia zaidi, kwa sababu haugombani na mazungumzo ya waigizaji.

Na faida kubwa ni ya karatasi. Rekodi nimeifanya mwenyewe, kwa hiyo sina prodyuza wa kumtafuta. Nikabaki na mtunzi na waimbaji. Tulipofika hapo mwalimu alivua miwani, akaipangusa, akauliza, "Sasa mwanangu, nikitia sahihi wimbo si wangu tena?"

"Hapana Mwalimu. Wimbo unabaki wako, unaweza kumpa na mwingine kesho. Mimi naomba ruhusa ya kuuweka kwenye filamu hii moja."

"Na ikienda nje ya nchi?"

"Imeandikwa hapa, Mwalimu. Nchi zote, na mtandaoni."

"Basi andika na jina langu lote, wasilifupishe."

Karatasi ni ukurasa mmoja. Jina la wimbo, jina la mtunzi, jina la filamu, kwamba ruhusa ni ya utunzi na ya uimbaji, itaonyeshwa wapi na kwa muda gani, kiasi kilicholipwa, na jina litakavyoandikwa mwishoni mwa filamu. Mwenyekiti wa kwaya akatia sahihi kwa niaba ya waimbaji, kwa kuwa nao wana haki zao kama watumbuizaji, na waimbaji wote wakaorodheshwa nyuma. Malipo nikayagawa, ya mtunzi kwake na ya kwaya kwenye mfuko wa kwaya, kwa simu, ujumbe ukabaki kuwa stakabadhi. Hakimiliki inazaliwa pale kazi inapotungwa, lakini nilimshauri mwalimu aandikishe nyimbo zake COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwa sababu siku ya ugomvi cheti kinaongea.

Waliniimbia na za kitabuni, nzuri sana, na sikuzitumia. Nyingi mtunzi wake ni Mzungu aliyekufa zamani, na kwa sheria yetu kinga inaisha miaka 50 baada ya kifo chake, Ulaya ni 70. Ila aliyeyageuza maneno kuwa Kiswahili naye ni mwandishi, na anaweza kuwa hai. Nyimbo za jadi za wazee nazo si shamba la bibi: sheria ileile ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi.

Alama zangu: nyota mbili na nusu kwa mazungumzo ukitumia maiki zake za juu, tatu na nusu ukitumia ya kola, nne na nusu kwa kwaya na sauti za mazingira. Nusu iliyobaki imekwenda kwa plastiki.

Usiinunue kama tayari una maiki ndefu ya bumu yenye plagi ya pini tatu, ile inayoitwa XLR. H1n haina tundu lake wala umeme wa volti 48 ambao maiki nyingi za namna hiyo zinautaka. Wewe nenda Zoom H4n Pro au H5, na mwenye mfuko aangalie F3 ya 2022, inayorekodi kwa biti 32 na haina hata kitufe cha kiwango cha sauti. Anayenunua leo kifaa kipya aulizie pia H1essential ya 2024, mdogo wake H1n, nayo inarekodi kwa biti 32, kwa hiyo mwigizaji akipiga yowe ghafla faili haliharibiki kirahisi. Mimi bado sijabadilisha, kwa sababu kwaya haipigi yowe ghafla.

Betri nunua za kuchaji, jozi mbili, na chaja yake. Kiwanda kinasema saa 10 kwa betri za alkalini. Zile za bei chee zinazopangwa kwenye meza za barabarani hazifiki ubeti wa tatu.