Kikapu cha ukindu au mfuko mbadala?

Tangu Tanzania ipige marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, ubishi huu haujaisha. Kwa bei, mfuko mbadala, ule laini uliochukua nafasi ya plastiki, unashinda: hela ya kikapu kimoja inakupa mifuko lundo. Kwa uimara, kikapu hakina mpinzani. Mfuko wangu wa mwisho ulikatika mkono ndani ya daladala, nyanya zikabingirika hadi miguuni kwa konda. Matunzo? Kikapu kikilowa kianike, la sivyo kitaota ukungu; na kikishabeba dagaa, harufu haibanduki. Mfuko unafulika, ila usidanganywe na ulaini wake: mingi ni polipropilini, ambayo nayo ni aina ya plastiki. Soko likiwa jirani, beba kikapu. Ukilipitia ghafla ukitoka kazini, mfuko uliokunjwa mkobani utakufaa zaidi.