Garmin GNS 430: sekunde mbili hadi 121.5

Garmin GNS 430, redio ya ndege yenye GPS na ramani ndani yake, iliingia sokoni mwaka 1998, na ingawa kampuni iliacha kuitengeneza kitambo, bado utaikuta kwenye dashibodi za ndege ndogo, kuanzia Cessna 172 za kufundishia urubani hadi Cessna 206 zinazopeleka watalii mbugani. Ramani yake na GPS yake zimekwisha kuzungumzwa vya kutosha. Tathmini hii inahusu jambo ambalo mnunuzi wa redio iliyotumika hulichunguza mwisho, kama hulichunguza kabisa, nalo ni namna rubani aliyepatwa na dharura anavyoyafikia masafa ya 121.5 megahezi, yaani masafa ya kimataifa ya dharura za anga.

Njia ya kawaida ya kubadilisha masafa katika redio hii ina hatua kadhaa. Nobu kubwa ya chini kushoto hubadilisha megahezi, nobu ndogo iliyo ndani yake hubadilisha kilohezi, na tarakimu unazochagua huingia kwanza kwenye dirisha la akiba, ndipo ubonyeze kitufe chenye mishale ili masafa ya akiba yabadilishane nafasi na yale yanayotumika. Hewa ikiwa tulivu, hayo yote ni kazi ndogo. Lakini injini inapokohoa nawe uko chini, huku hewa ya mchana ikiitikisa ndege, vidole huruka tarakimu, na macho yanayotakiwa kutafuta mahali pa kutua hubaki yamekodolea kioo kidogo. Kuna na mtego mwingine: ukiibonyeza nobu ndogo bila kukusudia, kishale huhamia kwenye masafa ya vituo vya kuongozea njia, kwa hiyo unaweza kuzungusha kwa bidii zote huku masafa ya mazungumzo hayasogei hata kidogo. Usipogusa kitu, kishale hurudi chenyewe baada ya sekunde 30, muda ambao ndege iliyozimika injini haina wa kutoa bure.

Dawa ya Garmin ni kukishikilia kitufe kilekile cha mishale kwa takriban sekunde mbili. Redio huweka 121.5 moja kwa moja kwenye dirisha la masafa yanayotumika, bila kupitia akiba na bila kuuliza swali. Kinachonipendeza zaidi ni kwamba njia hii hufanya kazi maadamu redio imewashwa, hata kioo kikiwa kimezimika. Kidole hukijua kitufe hicho kwa sababu hukitumia katika kila safari, basi hakuna cha kutafuta. Ukilinganisha na Bendix/King KX 155, redio ya zamani ambayo bado inahudumu katika ndege nyingi, tofauti ni kubwa: KX 155 haina mkato wa namna hiyo, na rubani hana budi kuzungusha nobu mpaka afike 121.5 ndipo abadilishe.

Kasoro ni kwamba mkato huu umefichika. Kitufe hakikuandikwa 121.5, wala hakuna rangi inayokitofautisha, na abiria aliyeketi kulia hawezi kuukisia rubani akizirai. Mwenye ndege angefanya vyema kubandika maandishi madogo kando yake, na mwalimu wa urubani amwoneshe mwanafunzi mkato huu kabla ya safari ya kwanza ya peke yake. Upande wa pili, kidole kikikawia kwenye kitufe unapobadilisha masafa ya kawaida, unajikuta kwenye masafa ya dharura ukitangaza kwamba unaingia kwenye mkondo wa kutua. Marubani wanaosikiliza masafa hayo hawachelewi kukukaripia, nao wana haki.

Mkato mzuri usimfanye mtu asahau mahali pa kuanzia. Kama tayari unazungumza na mwongoza ndege, Mayday, yaani wito wa dharura, huitwa kwenye masafa hayohayo mliyomo, kwa kuwa anayekujua tayari yuko hewani. Kitufe cha 121.5 ni cha yule ambaye hajibiwi na mtu. Katika nchi zetu hali hiyo si ngeni, kwani mawimbi ya redio hizi husafiri kwa mstari wa moja kwa moja: ukiwa futi 1,000 juu ya ardhi tambarare, upeo wako ni karibu maili 39 za baharini, na vilima huupunguza. Rubani anayeruka chini juu ya Ruaha au karibu na Ziwa Turkana anaweza asisikike na mnara wowote, lakini akasikika na ndege kubwa inayopita futi 35,000 juu yake, ambayo rubani wake anasikiliza 121.5 kwenye redio ya pili na anaweza kuufikisha ujumbe. Satelaiti usizitegemee hapo: Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa satelaiti za utafutaji na uokoaji, uliacha kusikiliza 121.5 tarehe 1 Februari 2009, na sasa hupokea ishara za vifaa vya dharura vya megahezi 406 pekee.

Anayeweza kumudu ndege yenye Garmin G1000, dashibodi ya vioo vya kielektroniki, atapata mkato uleule wa sekunde mbili, pamoja na nyongeza ya maana: mfumo wenyewe huweka 121.5 katika baadhi ya hitilafu za vioo. Kwa mwenye ndege ya kawaida, GNS 430 iliyotumika bado ni ununuzi ninaoupendekeza kwa sababu hii pekee, mradi fundi aipime na ajaribu kitufe hicho mbele yako. Ila umeme wa ndege ukikatika, redio nayo imezimika, kwa hiyo weka akiba kidogo ya fedha kwa redio ya mkononi kama Icom IC-A25, ambayo ina betri yake na kitufe chake cha 121.5, na uifunge mahali ambapo mkono unafika bila kufungua mkanda.