TAHADHARI: Springi na shokapu "mpya" za Hilux zinazotumwa mikoani kwa basi

Wadau wenye Hilux za zamani, hasa nyie mlioko mikoani mnaoagiza spea Dar kwa simu, naombeni msome hii kabla hamjamtumia mtu hela. Kuna jamaa anauza seti za kunyanyua gari, springi za mbele na nyuma pamoja na shokapu nne na yuboliti zake (zile boliti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli), anasema kila kitu ni kipya kimetoka Australia, kumbe springi ni za skrepa zimekatwa zikapigwa rangi na shokapu ni zile zilizokufa zimejazwa mafuta tena. Mzigo wangu ninao hapa nyumbani Iringa, sijaufunga na sitaufunga. Nimeongea na watu wa Makambako na Njombe wamepokea vitu vya aina ileile, na kuna waliokwisha funga wanatembelea hivyohivyo, hicho ndo kimenifanya nikae niandike.

Gari yangu ni LN106 dabo kabini, enjini ya 3L, zile ambazo mbele zina ekseli nzima na springi za bapa kama nyuma. Inabeba mbao na viazi, springi zimeshalala, ukipakia kidogo tu inagonga mpira wa chasisi kila shimo. Nilitaka ipande kama inchi mbili na nyuma iwe na nguvu zaidi. Kufunga nafunga mwenyewe uwani na mdogo wangu, kwaiyo nilichohitaji ni vifaa tu.

Jina lake siweki kwa sababu halina maana, analibadilisha. Akaunti niliyonunulia imeshafutwa na picha zilezile zimetokea kwenye akaunti nyingine yenye jina jipya, vigae vya sakafuni ni vilevile. Shikeni mtindo wake. Anaposti picha safi za seti ikiwa kwenye boksi, ila ukimwomba video ya mzigo wako wenyewe akiwa anataja jina lako na tarehe ya leo, anakwambia stoo iko mbali. Duka anasema liko Kariakoo, upande wa Gerezani, lakini ukimtuma ndugu yako aende kuangalia anamzungusha, mara niko bandarini natoa mzigo, mara njoo kesho, mara tukutane stendi. Alafu anakuja na ile ya kuna mteja mwingine ameshaitaka, lipia nusu nikuwekee. Wakati wa kulipa jina linalotokea kwenye simu silo analojiita, ukiuliza anasema ni la mke wake. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA, hatoi kabisa, anaandika karatasi ya mkono. Na bei yake ni karibu nusu ya bei za madukani, lakini anaieleza vizuri, eti ananunua moja kwa moja kwa wakala.

Mzigo umefika na basi umefungwa vizuri sana, nailoni, mabox, stika, huwezi kudhani kitu. Nikaanza kufungua kimoja kimoja.

Springi kwanza. Rangi nyeusi inang'aa lakini ukipitisha msasa kidogo chini yake kuna vishimo vya kutu ya miaka, chuma kipya hakiwi na vishimo vya namna ile. Kwenye ncha za zile springi fupi za chini kuna alama ya kukatwa na gesi, chuma kimebadilika rangi kikawa kama bluu. Hapo tu ilikuwa inatosha kuzitupa, maana chuma cha springi kinapata nguvu yake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa utaratibu maalum kiwandani, ukikipiga moto wa gesi ovyo pale palipochomwa panakuwa palaini au panakuwa pa kukatika kama biskuti. Halafu nikatoa senta boliti ya springi ya nyuma, ile inayopita katikati kuzishika springi zote pamoja, jamani, tundu la zamani wameliziba kwa weldi wakatoboa lingine pembeni! Springi yenyewe ilikuwa ya gari nyingine, senta yake haikai sehemu moja na ya Hilux, wakaona watoboe tundu jipya. Weldi katikati ya springi ndefu ya juu, palepale panapobeba uzito wote. Ikikatika hapo ekseli inahama, na kama ni ya mbele basi usukani ushaupoteza.

Shokapu nazo. Shokapu ya gesi ukiibonyeza mpaka chini kisha ukaachia, inapanda yenyewe taratibu. Hizi, ambazo stika inasema ni za gesi, ukibonyeza zinabaki hukohuko chini. Nikaisimamisha nikaipampu, maana hata mpya ikiwa imelala kwenye boksi muda mrefu inaweza kuwa na pengo mwanzoni, yaani sehemu inayoteleza bila upinzani, ukiipampu ikiwa wima inakaa sawa, lakini hizi zilibaki na pengo kila mara, katikati haina upinzani kabisa. Nikakwangua rangi kwa chini nikakuta doa la weldi, ndo walipotoboa wakajaza mafuta. Ile fimbo ya kromu ina michubuko ambayo itakata sili ndani ya muda mfupi. Na urefu wake ukizipima ni sawasawa na zile za gari isiyonyanyuliwa, sasa gari ikipanda inchi mbili shokapu inafika mwisho kila ukiruka tuta, inajing'oa yenyewe.

Nimempigia. Kwanza aliniita kaka, akasema fundi wangu hajui kazi, nikamwambia fundi ni mimi na hakuna nilichofunga. Nikamtumia picha ya lile tundu. Akasema atanibadilishia nitume mzigo kwanza kwa gharama zangu, nikakataa, baada ya hapo kanibloku.

Nawaomba mfikirie gari zetu zinapita wapi. Mtu anapakia tani moja Mafinga anashuka Kitonga usiku, mbele lori, nyuma basi, kona juu ya kona, halafu anategemea springi yenye kiraka cha weldi. Huyu jamaa anajua kabisa anachouza, mtu hawezi kuziba tundu vile na kulipaka rangi kwa bahati mbaya. Hela inauma ila kinachonikasirisha zaidi ni familia za watu zinazopanda hizo gari.

Nilichofanya nimeenda polisi nimefungua RB (namba ya taarifa kwenye kitabu cha polisi), nimewapa namba ya simu, muamala, na chati zote. Namba yake nimeiripoti 15040 ile ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli. Na kwa sababu stika na maboksi yamebeba jina la kampuni ambayo haikutengeneza ile bidhaa, napeleka malalamiko FCC, tume ya ushindani, pia, bidhaa bandia ni kazi yao. Mkimuona anaposti tena msibishane naye kwenye komenti, pigeni skrinshoti zikiwa na namba yake mara moja kabla hajafuta.

Kwa anayetaka kununua sasa ivi, tuma mtu dukani mwenye vernia na futi, ampe muuzaji namba ya chasisi ya gari, apime upana wa springi, unene wake, na umbali kutoka kwenye jicho mpaka senta, vilingane na ya kwako. Atoe hata boliti moja pale kaunta, muuzaji mkweli hakatai. Risiti ya EFD uihakiki hapohapo kwenye mfumo wa TRA. Yuboliti nunua mpya, usirudishe za zamani. Na ukishanyanyua nyuma usisahau ile vali ya breki iliyounganishwa na difu kwa fimbo, gari ikipanda hiyo vali inadhani hauna mzigo inapunguza breki za nyuma, lazima irekebishwe, na hozi za breki uangalie hazijakaza.

Wewe uliyekwisha funga mzigo wa aina hii, tafadhali usipakie chochote. Nyanyua kwa jeki, weka stendi imara chini ya chasisi, usiingie chini ikiwa imeshikwa na jeki peke yake, sugua rangi kuzunguka senta boliti na kwenye ncha za springi uangalie moto wa gesi na weldi. Ukikuta hata kimoja, rudisha springi zako za zamani hata kama zimelala, na hizo feki usizitupe wala kuwauzia watu wa skrepa, zipige picha uziweke na boksi lake kama ushahidi kisha ufungue RB hapo ulipo, maana tukiwa na RB za mikoa tofauti zenye namba moja ya simu itakuwa ngumu yeye kusema ni ugomvi wa mteja mmoja.