Wafungaji wa valvu ya bomba kuu: upimaji mzuri, chemba finyu
Kampuni iliyotufungia valvu ya inchi 4 kwenye bomba kuu la maji ya mtaa, hapa Morogoro, ilianza vizuri: kuta za mtaro zilikingwa kwa mbao kabla fundi yeyote hajashuka, valvu ikakalishwa juu ya zege ili uzito wake usilielemee bomba la plastiki, na bolti za flanji (kingo bapa zinazounganisha valvu na bomba) zikakazwa kwa kupishana. Kilichoniridhisha zaidi ni upimaji, kwani hewa ilitolewa kwanza, ndipo presha ikapandishwa hadi baa 9, yaani mara moja na nusu ya ile ya kawaida, huku viungo vikiwa bado havijafukiwa. Geji ya presha haikushuka. Chemba, yaani kishimo kilichojengewa kuizunguka valvu, hata hivyo, ni finyu mno. Spana ya kufungia hugonga ukuta, jambo lisilokubalika kwa bei waliyotoza.