Dripu yako na presha ya maji: kipi ununue kwanza, kipi kingoje

Mkulima akifunga dripu, yaani mipira ya kumwagilia tone kwa tone, kwenye ekari moja, pesa huishia kwenye mipira, tanki na pampu. Kifaa cha kumwonyesha maji yanasukuma kwa nguvu kiasi gani hakimo hata kwenye orodha. Baada ya muda mipira inachomoka kwenye maungio, au mistari ya mwisho inanyauka huku ya mwanzo imelowa chapachapa, na lawama zote anabebeshwa aliyeuza mipira. Mara nyingi mipira haina kosa lolote, shida ni presha. Nimevipanga vifaa hivi kwa kufikiria mtu mwenye pesa ya kuhesabu: cha kwanza usikikose, cha mwisho kinaweza kusubiri hata misimu kadhaa.

Bar 1 ni msukumo wa maji yaliyoinuliwa kama mita 10. Kwa hiyo tanki lililokaa kwenye mnara wa mita 3 linakupa bar 0.3, ukiongeza kidogo kutokana na kina cha maji yaliyomo ndani. Mipira myembamba ya dripu kwa kawaida hutaka kati ya bar 0.5 na 1. Springla ndogo hutaka zaidi ya hapo, bar 1.5 hadi 3. Pampu nyingi za petroli za inchi 2 hutangazwa kusukuma hadi mwinuko wa mita 30 hivi, yaani karibu bar 3. Ukiiunganisha pampu kama hiyo moja kwa moja na mipira myembamba, siku mistari michache ikifungwa mipira itapasuka.

1. Geji ya presha

Hii ndiyo ya kwanza, na ni miongoni mwa vifaa vya bei ndogo kabisa katika mfumo mzima. Chukua yenye gliserini ndani, kile kimiminika kizito kinachoonekana nyuma ya kioo. Pampu ikitetema, sindano ya geji kavu hucheza hadi usomaji unakuwa wa kubahatisha, na baada ya muda meno ya ndani yanalika. Gliserini huituliza. Kiputo kidogo cha hewa juu ya kioo ni cha kawaida, kisikutishe.

Kosa kubwa dukani ni kipimo. Utapewa geji ya bar 0 hadi 10, au hata 16, kwa sababu ndizo zinazotoka sana. Kwa dripu hazifai. Geji ya bar 10 yenye kiwango cha usahihi 2.5, yaani asilimia 2.5 ya kipimo chake chote, inaruhusiwa kukosea robo ya bar, juu au chini. Unapotafuta bar 0.8, robo ya bar ni kosa kubwa mno. Omba ya 0 hadi 2.5, au 0 hadi 4, ili presha yako ya kazi isiangukie pembezoni mwa namba. Igeuze mkononi kabla hujalipa: sindano ilale sawasawa kwenye sifuri, na nati ya chini iwe ya shaba.

Kama pesa inaruhusu, nunua mbili, moja kabla ya filta na nyingine baada yake. Tofauti kati yao ikifika bar 0.5, filta imeziba na inataka kuoshwa. Kama ni moja tu, mwambie fundi aweke vituo vidogo vyenye plagi sehemu hizo mbili na mwisho wa laini ya mbali kabisa, kisha uihamishe geji mwenyewe. Kile cha mwisho wa shamba ndicho chenye habari nyingi. Kwa matundu ya kawaida, presha ikishuka kwa nusu, maji yanayotoka hupungua kwa karibu asilimia 30.

2. Kidhibiti presha cha springi

Hiki hushusha presha na kuishikilia palepale, bar 1 kwa mfano, hata pampu ikipanda au ukifunga sehemu ya shamba. Wanaolisha dripu kwa tanki la mnara mfupi wakiruke kabisa, kwa kuwa hawana presha ya kupunguza. Wenye pampu wakinunue, ila wajue kwanza kiasi cha maji yao.

Hesabu iko hivi. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Mistari ikiachana mita 1.2, utatandaza mipira ya mita 3,370 hivi. Matundu yakiwa kila sentimita 30, yapo kama 11,200. Kila tundu likitoa lita 1 kwa saa, ekari nzima inakunywa lita 11,200 kwa saa. Ukiigawa mara nne na kumwagilia robo moja moja, ni lita 2,800. Namba hiyo ndiyo unayompa muuzaji, maana kila kidhibiti kimeandikwa kiwango cha chini na cha juu cha maji kinachoweza kusimamia. Ukichukua kikubwa kupita mahitaji, hakitashika presha vizuri. Ukichukua kidogo, kitakunyima maji. Kifungwe baada ya filta, kwa kufuata mshale uliochorwa ubavuni.

3. Koki na laini ya kurudisha

Watu wengi hubana koki nusu wakidhani wameshadhibiti presha. Inashuka kweli maji yakiwa yanatembea, lakini ukifunga mistari kule mbele inapanda yote, kwa sababu maji yakisimama koki haishushi kitu. Kwa mwenye pampu ya petroli ningependa zaidi laini ya kurudisha: tii (kiungio cha njia tatu) baada ya pampu, geti valvu (koki ya kuzungusha kidogo kidogo), na mpira wa kurudisha maji ya ziada kisimani au mtoni. Ifungue taratibu ukiangalia geji. Boli valvu (koki ya mkono inayogeuzwa robo mzunguko) iachie kazi ya kufungua na kufunga tu.

4. Dira ya maji

Inafaa sana, ila si ya haraka, maana ndoo ya lita 20 na saa ya simu vinatosha kuanzia. Ikijaa kwa sekunde 10, pampu inatoa lita 7,200 kwa saa. Kwenye mistari, kinga chupa chini ya tundu kwa dakika 6 na uzidishe kwa 10. Mililita 100 ni lita 1 kwa saa.

Ukinunua, usichukue ya nusu inchi ya majumbani. Kiwango chake cha kawaida cha maji ni lita 2,500 kwa saa, haitoshi hata ile robo ekari ya mfano wetu. Ya inchi 1 huwa na kawaida ya lita 6,300. Kwa Tanzania kuna sababu nyingine ya kuwa nayo: kibali cha kutumia maji cha bodi ya bonde hutaja kiasi unachoruhusiwa kuchukua, na ukiwa na dira unaongea kwa namba.

5. Saa za kufungulia maji na sensa

Ziache kwanza. Saa hizo hufungua maji kwa valvu ya umeme, nayo ina presha yake ya chini ya kufanyia kazi, na nyingi hazifunguki sawasawa kwa maji ya tanki la mita 3. Pesa hiyo ongezea filta ya diski ya meshi 120 (meshi ni idadi ya matundu ya chujio kwa kila inchi).