Tesseract kwenye steshenari yangu: maneno naiachia, tarakimu nakagua mwenyewe

Siku hizi fotokopi haiingizi kitu. Kazi yenye hela ni ya wale wanaokuja na karatasi iliyochapwa zamani, sofkopi haipo, kompyuta iliyoiandika ilishakufa, na wanataka "iwe kwenye Word" ili wabadilishe vifungu viwili vitatu. Tulikuwa tunachapa upya neno kwa neno. Sasa sehemu kubwa naiachia Tesseract.

Ni programu ya bure inayosoma picha ya karatasi uliyoskani na kuitoa kama maandishi unayoweza kuyabadilisha. Ilizaliwa ndani ya Hewlett-Packard miaka ya 1980, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2005, kisha Google wakaibeba kwa miaka kadhaa. Haina vitufe vya kubofya, unaiandikia amri, kwa hiyo aliyezoea mausi ataichukia mwanzoni.

Wengi wanaoilaumu hawajaipa Kiswahili. Usipotaja lugha, inasoma kila kitu kama Kiingereza, na herufi "m", ambayo sisi tunaanzia nayo nusu ya maneno yetu, inageuka "rn": rnwanachama, rnkutano. Kwenye Windows unachagua Kiswahili wakati wa kusakinisha, kwenye Ubuntu unaongeza kifurushi cha tesseract-ocr-swa. Halafu amri yako iwe na -l swa. Barua iliyochanganya lugha, -l swa+eng. Makosa yanapungua sana, ingawa kile kialama cha ng'ombe na ng'ambo bado huwa kinapotea au kinageuka alama ya kunukuu.

Mzee mmoja, mweka hazina wa kikundi, aliniletea katiba yao iliyopigwa taipureta, imekunjwa mara nne, na muhuri wa bluu umekaa juu ya kifungu cha ada.

"Mwanangu, Jumamosi tuna mkutano."

"Usijali mzee, pitia kesho jioni."

Nikaskani kwa nukta 300 kwa inchi, rangi ya kijivu, kifuniko nimekikandamiza ili mikunjo isitupe kivuli. Maneno yalitoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Kiingilio cha 5,000 kilitoka S,000, lakini hilo hata mtoto analiona. Balaa lilikuwa faini ya kuchelewa: karatasi inasema 800, skrini inasema 300. Nilipoitazama karatasi kwa karibu, wino wa upande wa kushoto wa ile 8 ulikuwa umefifia. Neno likikosewa linajitangaza lenyewe, maana rnwanachama si neno. Lakini 300 ni namba safi kabisa, hakuna kikagua tahajia kitakachoipigia mstari mwekundu. Ndiyo maana kila hati yenye fedha, tarehe au namba ya kiwanja, kijana wangu anasoma karatasi kwa sauti na mimi nafuata kwenye skrini. Hapo ndipo muda unapoenda, na bei yangu inauhesabu muda huo.

Wateja wanaotuma picha kwa WhatsApp nawaomba watume kama dokumenti, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa na herufi ndogo zinavurugika. PDF nayo Tesseract haiifungui moja kwa moja. Kwa hiyo natumia OCRmyPDF, ambayo inaiendesha Tesseract kwa ndani na kuacha ukurasa ulivyo, ila sasa unaweza kutafuta neno ndani yake. Kwa majalada ya ofisi, hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Google Drive nayo inafanya kazi hiyo: unapakia picha, unaifungua kwa Google Docs, maandishi yanatoka. Ni rahisi zaidi, sikatai. Lakini inakula bando, na mkataba wa mtu wa kununua shamba sioni sababu ya kuupandisha kwenye akaunti yangu.

Mwandiko wa mkono usiipe, utapata takataka. Majedwali nayo yanatoka vipande vipande, safu zimeparaganyika. Mwalimu akija na matokeo ya darasa zima, tunakaa tunachapa kwa mkono, kwa bei ya kuchapa.