Seti ya API ya kupimia maji ya bwawa la koi: chupa moja imezidi, moja haipo

Boksi la API Pond Master Test Kit, seti ya kampuni ya API, limeandikwa vipimo 500. Ndani utakuta tyubu za kioo zenye mstari wa mililita 5, kadi za rangi, na chupa za matone za kupima vitu vinne: pH, amonia, nitriti na fosfati. Kwa mwenye bwawa la koi (samaki wa mapambo) uani, vitatu kati ya hivyo ni vya lazima. Cha nne, fosfati, kinamsaidia anayetaka kujua kwa nini mwani umejaa bwawani, lakini samaki wenyewe hawana shida nayo. Kilichopaswa kukaa mahali pake ni KH, yaani ualkali wa maji, na hicho hakimo. Ubora wa seti hii na udhaifu wake vyote vinaanzia hapo.

Tuanze na amonia, maana ndiyo inayoua samaki wengi. Unajaza tyubu hadi mstari, unaweka matone 8 ya chupa ya kwanza, matone 8 ya chupa ya pili, unafunika kwa kifuniko chake, unatikisa sekunde 5 na kusubiri dakika 5. Manjano ni sifuri. Kadiri rangi inavyoelekea kijani ndivyo amonia ilivyo nyingi. Kazi ni rahisi, ila makosa yanayoharibu majibu ni yaleyale kila mara. Chupa ikishikwa kwa kuinamishwa, tone linatoka dogo au kubwa kuliko kawaida, kwa hiyo ishike wima kabisa, mdomo chini. Uso wa maji ndani ya tyubu hubonyea katikati: sehemu iliyobonyea ndiyo iguse mstari, si kingo zilizopanda. Usizibe tyubu kwa kidole, kwa sababu dawa hizi zinaunguza ngozi na jasho la kidole linaingia kwenye kipimo. Soma rangi mchana, kivulini, tyubu ikiwa imegusa sehemu nyeupe ya kadi. Chini ya taa ya njano ya jikoni, sifuri na 0.25 (miligramu kwa lita) huwezi kuzitofautisha.

Hiyo 0.25 ndiyo inayosumbua watu wengi. Kipimo hiki hutumia salisilati, na mara nyingi huonyesha ukijani hafifu hata maji yakiwa safi. Pima maji ya chupa ya dukani sambamba na maji ya bwawa, tyubu mbili bega kwa bega. Zikifanana, bwawa lako ni sifuri na huna haja ya kuhangaika. Rangi ikifika mwisho wa kadi, changanya sehemu 1 ya maji ya bwawa na sehemu 3 za maji safi, pima tena, kisha zidisha jibu kwa 4.

Jambo ambalo wengi hawalitilii maanani ni kwamba namba ya amonia pekee haina maana. Seti inapima amonia yote kwa jumla, ile yenye sumu pamoja na ile isiyo na makali, na mgawanyo wake unaamuliwa na pH na joto. Chukua maji ya nyuzi 28, joto la kawaida la bwawa la Dar es Salaam au Mombasa. Kwenye pH 7.0, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 ya jumla. Kwenye pH 8.0 ni kama asilimia 6.5, na kwenye pH 8.5 inakaribia asilimia 18. Kwa hiyo 0.5 ileile kwenye kadi ni salama katika bwawa moja na inachoma matamvua katika bwawa la pili, kwa tofauti ya zaidi ya mara 25. Wafugaji wengi hutaka sehemu yenye sumu isizidi miligramu 0.02 kwa lita. Ndiyo sababu pH hupimwa palepale, kwenye maji yaleyale, na si kesho yake. Ushauri ulioandikwa kwa ajili ya mabwawa ya nchi za baridi usiuchukue kama ulivyo: kwenye pH 8.0, maji ya nyuzi 15 yana karibu asilimia 2.7 tu ya amonia yenye sumu.

Nitriti ni matone 5 ya chupa moja na dakika 5 za kusubiri. Buluu ya anga ni sifuri, zambarau ni hatari. Hiki ndicho kipimo kinachoaminika kuliko vyote kwenye boksi, rangi zake hazigombani. Katika bwawa jipya, amonia hutangulia kupanda, kisha inashuka na nitriti inachukua nafasi yake, kwa sababu bakteria wanaokula nitriti huchelewa kuzaliana. Mwenye bwawa huona amonia imefika sifuri, akafurahi na kurudisha chakula kama kawaida. Wiki inayofuata koi wanahema juu ya maji ilhali pampu ya hewa inafoka vizuri: nitriti imeingia kwenye damu, na damu haibebi tena oksijeni. Kipimo kikionyesha nitriti, weka kilo 1 ya chumvi kwa kila lita 1,000. Kloridi ya chumvi huizuia nitriti isipite kwenye matamvua. Chumvi ya mawe inatosha, na iodini iliyomo kwenye chumvi ya pakiti ni kidogo mno kumdhuru samaki. Chumvi haiondoki kwa mvuke, inatoka tu unapobadilisha maji, kwa hiyo usiirudie kila unapoona zambarau kwenye tyubu. Rudishia ile tu iliyotoka na maji.

Kipimo cha pH kinafanya kazi yake, kwa mipaka. Kadi inaishia 9.0, na bwawa la kijani kibichi saa 9 alasiri linaweza kuvuka hapo bila wewe kujua. Pia pH inakuambia maji yako vipi leo, haikuambii yatasimama hivyo hadi lini. Jibu hilo liko kwenye KH.

Hapa ndipo seti inapomwacha mnunuzi njia panda. Bakteria wa filta wanapogeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati, wanakula ualkali wa maji. Kila kilo 1 ya chakula chenye protini asilimia 40 hutoa takriban gramu 37 za amonia, na kuisaga hiyo kunamaliza ualkali sawa na gramu 440 hivi za bekingi soda. Bwawa la lita 10,000 linalolishwa gramu 100 kwa siku hupoteza karibu digrii 1 ya KH kila wiki kama hakuna maji mapya yanayoingia. Likianza na digrii 4, ndani ya mwezi mmoja limebaki tupu. Muda wote huo kipimo cha pH kitakuonyesha namba nzuri, kisha usiku mmoja pH inaporomoka hadi 6 au chini, bakteria wanasimama kazi, na asubuhi koi wamelala chini mapezi yamebana. Anayejaza bwawa kwa maji ya mvua ya tangi yuko hatarini zaidi, kwa kuwa maji hayo karibu hayana KH kabisa. Masika nayo hufanya vivyo hivyo kwenye bwawa la wazi.

Kampuni hiyohiyo inauza kipimo cha KH peke yake. Unaweka tone mojamoja kwenye mililita 5 ukitikisa, na unahesabu hadi buluu igeuke njano. Kila tone ni digrii 1. Ukitaka nusu digrii, tumia mililita 10 za maji na ugawe hesabu kwa 2. Bwawa lenye filta likae digrii 6 au zaidi. Likishuka chini ya 4, chukua hatua. Gramu 30 za bekingi soda hupandisha lita 1,000 kwa digrii 1. Bwawa la lita 10,000 lililo na digrii 3 linataka gramu 900 kufika 6: weka 300 kwa siku kwa siku tatu, ukiziyeyusha kwenye ndoo na kumwaga taratibu pale maji ya filta yanapoangukia. Kabla ya kumwaga hata kijiko, pima amonia. Bwawa ambalo pH yake imeporomoka huwa na amonia nyingi iliyolala bila makali, na ukiinua pH ghafla unaiamsha yote kwa mara moja. Badilisha maji kwanza.

Na tafadhali, bekingi soda si magadi. Magadi ya dukani yana kaboneti, yanasukuma pH juu kuliko unavyotaka. Bekingi pauda nayo ina asidi na wanga, ibaki kwenye mandazi.

Uzuri mwingine wa kipimo cha KH ni kwamba unaweza kukihakiki nyumbani. Yeyusha gramu 3 za bekingi soda katika lita 1 ya maji yaliyotoneshwa (distilled water), chukua mililita 50 za hayo, jazia hadi lita 1 kwa maji yaleyale. Hayo ni maji ya digrii 5. Kipimo kikitaka matone 8, chupa imeharibika, au mkono wako unahitaji mazoezi.

Kwenye bwawa la udongo seti hii hutumika kwa namna tofauti. Huko Yamakoshi na Ojiya, katika mkoa wa Niigata nchini Japani, vifaranga wa koi hukulia katika mabwawa ya udongo kiangazi chote na kuvuliwa kwenye Oktoba kabla ya theluji. Mabwawa hayo hayana filta: mwani na udongo ndivyo vinavyomeza amonia. Bwawa la aina hiyo hupimwa mara mbili kwa siku moja, alfajiri na saa 9 au 10 alasiri. Mwani hunyonya kaboni dioksidi mchana na pH inapanda. Usiku unairudisha na pH inashuka. Tofauti ikiwa kubwa, kwa mfano pH 7 asubuhi na pH 9 jioni, ualkali ni mdogo. Tone la kwanza au la pili la KH likigeuka njano, mwaga chokaa ya kilimo gramu 100 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Bwawa la mita za mraba 200 linataka kilo 20 hadi 40. Chokaa ya kupaka nyumba haifai bwawa lenye samaki, inapandisha pH hadi inaua.

Maji ya kijani au ya tope huchanganya macho wakati wa kusoma rangi. Yaache yatulie, yachuje kwa karatasi ya kuchujia kahawa, kisha weka tyubu ya pili yenye maji yaleyale bila dawa pembeni, uone ukijani upi ni wa bwawa na upi ni wa amonia.

Kwa anayezalisha, kipimo cha amonia kinalipa gharama yake siku moja tu: asubuhi ya mayai. Jike hutaga mayai yapatayo 100,000 kwa kila kilo ya uzito wake, na pamoja na manii yanaacha povu na protini tele kwenye tangi. Watoe wazazi, maana watayala mayai, pima, na badilisha nusu ya maji kwa maji yenye joto na pH ileile. Rudia kupima kila siku hadi mayai yaanguliwe, siku 3 hadi 4 kwenye nyuzi 22 hivi, kwa sababu yale yasiyorutubishwa yanaoza na kuchafua maji ya wenzao.

Kuna vitu viwili ambavyo boksi hili halikupi kabisa. Kipimo cha klorini ya maji ya bomba hakimo. Maji yakae kwenye pipa siku 1 hadi 2 na hewa ikipulizwa, au utumie thiosalfeti ya sodiamu. Kwa walio Marekani, miji mingi hutumia kloramini, ambayo haitoki kwa kukaa. Kipimo cha oksijeni nacho hakimo, na hilo ni pengo zito zaidi kwa mabwawa ya udongo. Maji ya nyuzi 25 usawa wa bahari hubeba miligramu 8.3 hivi kwa lita. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, hubeba chini ya 7. Koi wakiwa juu wakihema alfajiri na vipimo vyote ni safi, washa pampu kwanza.

Vijiti vya kuchovya vina KH, na ni vya haraka, lakini vingi havipimi amonia, na unyevu wa pwani huviharibu upesi kopo likishafunguliwa. Seti ya matone inashinda. Ihifadhi kabatini penye baridi, mbali na jua na mbali na watoto, maana chupa ya pili ya amonia ina klorini na sodiamu haidroksaidi. Dukani, soma namba ya toleo kwenye chupa: tarakimu nne za mwisho ni mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Iliyokaa rafuni zaidi ya miaka 3, iache hapohapo. Na kama duka lina seti ila halina chupa ya KH, agiza ya KH kwanza kabla samaki hawajaingia bwawani.